Ganzi vidoleni baada ya miaka minne ya kupaka gundi

Pole sana ndugu yangu. Umesema unapaka gundi ya soli kiwandani hapo Moshi mwaka wa nne sasa, kichwa kinauma kila jioni, na vidole vya mikono na miguu vimeanza kufa ganzi. Hiyo ganzi ndiyo inayonitia wasiwasi. Baadhi ya gundi za viatu zina heksani, kemikali ya kuyeyushia gundi ambayo huharibu mishipa ya fahamu polepole. Ukiendelea kuivuta, miguu huishiwa nguvu. Zenye kemikali ya benzini ni hatari zaidi, maana inaweza kuleta saratani ya damu miaka mingi baadaye.

Maziwa mnayogawiwa kazini hayaondoi sumu, kunyweni kama chakula tu. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii mvuke.

Nenda hospitali ya KCMC wiki hii na picha ya lebo ya kopo la gundi. Mwambie daktari kazi unayofanya, la sivyo utarudi na vitamini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi, kwa hiyo si hisani. Ikithibitika ni ugonjwa wa kazini, fidia inadaiwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Nakala za vyeti vya hospitali weka nyumbani. Ukianza kujikwaa ovyo, nenda siku hiyohiyo.