Maswali na Majibu: Amplifaya ya Gari na Waya Zake

Nina sabwufa moja kwenye buti. Nikiongeza sauti, amplifaya hujizima kwa sekunde chache kisha hurudi. Fundi amesema imeharibika na ninunue nyingine. (Msomaji, Kisauni)

Usinunue bado, ndugu yangu. Amplifaya nyingi hujizima ili kujilinda umeme unaozifikia unaposhuka, na mara nyingi kilichoharibika ni njia ya umeme huo. Washa injini, upime volti kwenye betri, kisha upime penye amplifaya huku muziki ukipigwa kwa sauti ileile inayoizima. Betri ikisoma volti 14 nayo amplifaya ikasoma 12, volti 2 zimepotelea njiani, na kazi iliyobaki ni kutafuta wapi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, tatizo liko upande wa ethi, yaani waya ya hasi inayofungwa kwenye bodi ya gari.

Hapa Mombasa mimi huanza kuushuku upande huo kabla ya mwingine wowote. Juzi nilifungua boliti ya ethi iliyokuwa imekazwa juu ya rangi ya bodi, na chini yake nikakuta unga wa kijani uliokauka, na nyuzi za waya zikawa zinakatika nilipozikunja kwa kidole. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti kwa washa ya meno, kisha upake grisi juu yake ili hewa ya chumvi isipenye. Chunguza pia waya yenyewe, kwa maana nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba tupu ya unene uleule na huliwa na chumvi mapema zaidi. Ikwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri au karibu na amplifaya? (Msomaji, Changamwe)

Karibu na betri, isizidi takriban sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuilinda waya. Amplifaya ina fyuzi zake yenyewe. Niliwahi kuletewa gari ambalo fyuzi ilifungwa kwenye buti. Waya ilipitishwa kwenye tundu la bati linalotenga injini na abiria bila kuvishwa mpira, mtikisiko ukalila ganda lake mpaka shaba ikagusa bodi, na zulia la upande wa dereva likaungua kabla mwenyewe hajawahi kuichomoa betri. Fyuzi ilikuwa nzima, kwani umeme ulioleta moto ule haukupata kuifikia.

Spika zinatoa mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. (Msomaji, Likoni)

Huo ni mlio wa altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Anza na ethi kama nilivyoeleza hapo juu, kisha uhamishe waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, zipite ubavu mmoja wa gari na waya ya betri ipite ubavu wa pili.

Geini, kile kitufe cha kuzungusha kwenye amplifaya, niifungue mpaka wapi? Amplifaya yangu imeandikwa wati 2000. (Msomaji, Nyali)

Dada, kwanza tuitazame hiyo 2000. Soma fyuzi zilizo kwenye amplifaya yenyewe: ikiwa ni moja ya ampea 30, basi kwa volti 14 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 420 kwa muda mrefu, na sehemu ya hizo hugeuka joto. Tafuta katika kijitabu chake wati za kudumu, zile zinazoandikwa RMS, na uzitumie hizo tu.

Geini haikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti. Inalinganisha nguvu inayotoka kwenye redio na ile ambayo amplifaya inaweza kuipokea, na ikizidishwa mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na koili za spika huungua. Tuseme ni wati 100 kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme): zidisha, upate 400, na mzizi wake wa pili ni volti 20. Chomoa spika, zima nyongeza zote za besi na vichujio, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, upige mlio mmoja wa hezi 50, kisha ufungue geini polepole mpaka mita, ikiwa kwenye volti za AC, isome 20. Nimechagua hezi 50 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa umeme wa nyumbani, nao ni wa hezi hizohizo. Ukimaliza, rudisha vichujio: spika za milangoni zipokee kuanzia hezi 80 kwenda juu, na sabwufa ichukue zilizo chini yake.

Nimeunga sabwufa mbili za omu 4, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Amplifaya inachemka sana. (Msomaji, Tudor)

Kwa kuziunga hivyo umeipa amplifaya omu 2. Ikiwa umeunganisha chaneli zake mbili kuwa moja, nyingi huhitaji zisipungue omu 4. Ziunge kwa mfululizo upate omu 8. Nguvu itapungua, lakini amplifaya itapumua.