Maliza aya kwanza, kamusi baadaye

Mwanangu, unasema ukisoma hadithi za mabaharia unafungua kamusi kila mstari, na ukirudi kitabuni umesahau kisa kilipofikia. Iweke kamusi kando. Maliza aya nzima, ndipo ulirudie neno lililokusumbua.

Tazama hapa: "Nahodha alikaa tezini ameshika usukani, kijana mmoja akasimama omo kuangalia miamba iliyo mbele." Usukani wa jahazi uko wapi? Wewe ni mtoto wa Lamu, majahazi unayaona gatini kila siku: uko nyuma. Basi tezi ni nyuma. Na anayeangalia miamba ya mbele atasimama wapi ila mbele? Hiyo ndiyo omo. Sentensi yenyewe imekufunulia yote mawili.

Sarufi nayo ina msaada mkubwa, na nasikitika wanafunzi wengi huiachia chumba cha mtihani. Ukisoma "walilitweka tanga upepo ulipovuma, wakalitua walipofika bandarini", ile -li- iliyo kabla tu ya -tweka na -tua inakuonyesha kuwa kinachotendwa ni tanga kote kuwili. Kutua unakujua, na hapa vitendo vinapingana. Kutweka basi ni kupandisha.

Andika kisio lako pembeni kwa penseli, ulihakikishe kwenye kamusi sura ikiisha.

Kuna mahali muktadha hautoshi. Ukikuta "kapuni mlikuwa na tasi, changu na kolekole", na anayesimuliwa ni mvuvi, utajua ni samaki, hutajua umbo lao. Yatosha kuendelea na kisa. Umbo utaonyeshwa sokoni.