Makopo saba ya vitamini na tezi dume yangu

Daktari alipoumimina mfuko wangu mezani, yalitoka makopo saba. Zinki, vitamini C, vitamini D, vitamini E, vitamini B za mchanganyiko, vidonge vya mbegu za maboga, na moja lisilo hata na jina la kiwanda, nililouziwa kwa WhatsApp kwa shilingi 45,000. Akayapanga mstari mmoja, kisha akaniuliza, "Baba, hizi unazimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, daktari. Zote kwa mpigo, pamoja na sipro, ile antibiotiki yangu."

Daktari, mama wa watu, akashusha pumzi.

Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Maumivu yalianzia pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kama nimekalia kokwa la embe. Nikikojoa panawaka, nikimaliza nataka tena. Kila duka la dawa nililosimama niliambiwa ni UTI sugu, nikapewa dozi ya siku tano. Kumbe ni tezi dume iliyovimba. Mkojo ulipooteshwa maabara wakaonekana bakteria, nikaandikiwa siprofloksasini ya wiki nne. Mimi nami, kwa kutaka kuisaidia dawa, nikaongeza vitamini.

Wanaume wenzangu, hapa msinipite. Zinki, chuma, kalsiamu na magnesiamu hushikana na sipro humo humo tumboni, na sehemu kubwa ya dawa haiingii kwenye damu. Sipro humezwa angalau saa mbili kabla ya madini hayo, au saa sita baada yake. Usiimezee maziwa wala mtindi pia. Yote hayo yameandikwa kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi, kwa herufi za sisimizi, ndiyo maana tunakitupa.

Wauzaji hawadanganyi kila kitu. Ni kweli tezi dume ina zinki nyingi. Ila unayoimeza si lazima ifike huko, na ukizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, mwili unapungukiwa shaba na damu nayo inapungua. Vitamini B6 ikizidi sana huleta ganzi miguuni. Kilichonitisha zaidi ni vitamini E. Kuna utafiti mkubwa uitwao SELECT, uliofanyika Marekani, Kanada na Puerto Rico kwa wanaume zaidi ya 35,000. Matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa waliopewa yuniti 400 za vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Kopo langu liliandikwa yuniti 400.

Nikarudia dozi, safari hii bila makopo. Mkojo ulipooteshwa tena haukuota kitu. Maumivu yakapungua lakini hayakwisha, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba wengi wenye maumivu haya ya muda mrefu hawana bakteria kabisa, na mara nyingi misuli ya nyonga imekakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kuilegeza kwa kuvuta pumzi hadi chini ya kitovu, na kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15. Utingo wangu alicheka mpaka akakaa chini alipoona beseni jekundu linapandishwa kwenye lori. Acheke. Siku hizi nasimama Mikumi, Iringa na Makambako, nashuka, natembea.

Ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukagoma kabisa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukienda, beba kila unachomeza, hata hizo dawa za asili unazoona aibu kuzitaja.

Katika yale makopo saba limebaki moja, la vitamini D. Daktari alitaka nipime kwanza, na kipimo kikaonyesha nina upungufu. Si ajabu, jua langu lote linaishia kwenye mkono wa kulia, ule wa dirishani.