Wameniandikia "take into account", hapo wamekubali au wananizungusha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi umeme, nina kakampuni kadogo hapa Mwanza. Kuna mradi wa wageni tulipeleka kotesheni, nikawaandikia kwamba nyaya zimepanda bei na zile wiki 6 walizotupa hazitoshi, wao wakajibu "We will take your comments into account". Mshkaji wangu mmoja anasema hapo tumepita, mwingine anasema ndo tumepigwa chini kistaarabu. Simu imenitafsiria "tutazingatia maoni yako", ambayo hata kwa Kiswahili sijui ni ndiyo au hapana. Nyaya nimeshaanza kuziulizia dukani, niendelee?

JIBU: Marahaba fundi. Kwanza nyaya usinunue bado.

Washkaji zako wote wawili wamekosea, maana hiyo sentensi haina ndiyo wala hapana ndani yake. Neno "account" Waingereza walilipata kwenye Kifaransa cha zamani na lilikuwa neno la kuhesabu, ndo maana mpaka leo mhasibu anaitwa "accountant", kwa hiyo ukisema una-take kitu into account unasema unakitia kwenye hesabu yako. Sasa we fundi unajua, kwenye hesabu unaweza ukaweka kila kitu, saruji, nyaya, nauli ya vijana, chai ya saa nne, halafu jumla ikatoka vilevile ya kukataa kazi. Walichokuahidi ni kwamba wakikaa kuamua, bei ya nyaya na zile wiki 6 vitakuwepo mezani. Uzito watakaovipa hawajasema.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri mikataba na hii kitu nakutana nayo karibu kila wiki, na kwenye sheria ndo imechambuliwa vizuri kuliko hata kwenye kamusi. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1947, baraza la mji wa Wednesbury liliruhusu sinema ionyeshwe Jumapili ila kwa sharti kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasiingie hata kama wamekuja na mzazi, wenye sinema wakaenda mahakamani, wakashindwa. Majaji walisema wao wanaangalia kama baraza lilitia hesabuni yale yanayohusika na likaacha yasiyohusika, lakini wao sio wa kukaa kwenye kiti cha baraza waamue upya kisa tu wangeamua tofauti. Kenya nao wana Fair Administrative Action Act ya 2015, kifungu cha 7 kinakuruhusu kupinga uamuzi wa ofisi kama haikuzingatia mambo iliyotakiwa kuyazingatia. Umeona hapo? Lawama ni kutokuzingatia. Ofisi ikishazingatia kihalali na bado ikakunyima, hicho kifungu peke yake hakikusaidii.

Simu yako basi haikukosea sana, "kuzingatia" ndo neno lenyewe, au "kutilia maanani". Tatizo ni sisi, mtu akituambia "nitazingatia" tunasikia "sawa".

Na hapohapo kwenye "kutilia maanani" kuna mtego mwingine ambao nauona sana kwenye barua zetu, watu wanaandika "put into consideration". Nadhani ni Kiswahili kinatusukuma, sisi tunatia, na kutia ni kuweka, basi tunaweka "put". Mwingereza yeye anasema "take", "take into account" au "take into consideration", na "account" hapo haipewi s mwishoni maana ukiandika "accounts" anaanza kufikiria vitabu vya hesabu. Kitu kikiwa kifupi kinakaa katikati, "take the price into account", kikiwa kirefu kinasogea mwisho, "take into account the rise in cable prices". Usichanganye na "on account of" ambayo ni "kwa sababu ya" tu, haina uhusiano na kufikiria.

Kuna sehemu moja lakini hayo maneno yanauma mfukoni kwelikweli, na kwa vile umesema ni kotesheni lazima nikwambie. Kwenye makaratasi ya tenda utakuta "prices should take VAT into account". Hapo wenye tenda huwa wanataka bei iwe na VAT ndani tayari, ila maneno yenyewe hayajasema hivyo waziwazi, mmoja anaelewa "ndani", mwingine anaelewa "nimeshaifikiria, nitaidai baadaye". Kama kazi yako ni milioni 10 na VAT ni 18%, bei yenye VAT ndani ni 11,800,000. Ukiandika milioni 10 wao wakasoma kwamba VAT imo, chako kinabaki kama 8,470,000 hivi, umeshapoteza milioni moja na nusu na waya hata mmoja hujavuta. Kwa hiyo kotesheni ikitoka kwako usiandike hilo neno kabisa, andika "VAT inclusive", yaani VAT imo ndani, au "VAT exclusive", yaani haimo, imeisha.

Sasa la kwako la leo. Wajibu kwa upole, washukuru, halafu uliza kitu ambacho jibu lake ni namba: "Could you confirm the revised price and completion date?" Yaani wathibitishe bei mpya na tarehe mpya ya kumaliza. Wakirudisha tarehe na bei kwa maandishi, nenda kalipie nyaya. Wakirudia tena kwamba wata-take into account, mwambie wa dukani akushikilie mzigo kama anakuamini, ila hela isitoke.