Wasomaji Wanauliza: Kobalti, Unga na Makaratasi ya Kasumbalesa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mpaka, hasa Kasumbalesa, mlango wetu wa kwenda Zambia: kinachotoka, kinachoingia, na nani analipa. Tumechagua tano. Hazikujibiwa kwa urefu sawa kwa sababu hazina uzito sawa.

Ninapakia magari kwenye bohari la madini, njia ya Likasi. Tangu serikali izuie kobalti, siku zangu za kazi zimepungua. Dunia inaihitaji kobalti yetu, sisi tunaifungia. Kwa faida ya nani?
*Baba wa watoto watano, Kampemba, Lubumbashi*

Baba, umeuliza swali ambalo wakubwa wa biashara ya nje wanapaswa kuulizwa kila siku. Tuanze na sababu, kisha tufanye hesabu.

Kobalti ya Katanga, madini ya kutengenezea betri, hutoka pamoja na shaba, katika mawe yaleyale. Mgodi unaofuata shaba kwa kuwa bei yake ni nzuri utatoa kobalti hata kama hakuna anayeitaka. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2024 Kongo ilitoa takriban tani 220,000, karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia, na mwanzoni mwa 2025 bei ikaanguka hadi karibu dola 10 kwa ratili, yaani kama dola 22,000 kwa tani. Tarehe 22 Februari 2025, ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kimkakati, ikasimamisha uuzaji nje kwa miezi 4. Katazo likaongezwa Juni, likaongezwa tena Septemba. Kuanzia 16 Oktoba 2025 likageuzwa kuwa mgao: tani 18,125 hadi mwisho wa mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Katika hizo 96,600, tani 87,000 zinagawiwa makampuni kwa kufuata yaliyosafirisha zamani, na 9,600 zinabaki mikononi mwa ARECOMS.

Sasa hesabu. Gawanya 220,000 kwa 96,600, unapata kama 2.3. Maana yake bei lazima ipande mara 2.3, ifike karibu dola 50,000 kwa tani, ndipo mauzo ya jumla yawe sawa na yale ya zamani. Mrabaha wa kobalti ni 10% tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018. Kwa bei ya 22,000 serikali ilikuwa inapata kama dola 2,200 kwa tani. Kwa 50,000 ingepata 5,000. Hii ni hesabu ya kukadiria tu, kwa sababu tunachouza zaidi ni hidroksidi, yaani kobalti ambayo haijasafishwa hadi mwisho, na hiyo hulipwa sehemu tu ya bei ya kobalti safi. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: kabla ya 2025 kuisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Na mapato yakilingana tu, bado nchi imepata faida, kwa sababu tani zisizouzwa hazijapotea. Ziko bohari, au ziko ardhini.

Basi kwa nini wewe unaumia? Kwa sababu faida inaingia kwa bei, lakini mshahara wako unaingia kwa tani. Dereva, mpakiaji, mama anayepika bukari kwenye maegesho ya magari, wote wanaishi kwa idadi ya magari yanayotoka. Sera hii inawalipa wenye madini na hazina ya serikali, na inawatoza watu wa njiani. Katika mpango huu hatuoni fungu lililowekwa kwa ajili yao, na kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko mgao wenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la utaratibu. Mgao ulipoanza Oktoba, magari hayakuondoka siku hiyo. Kampuni ilitakiwa kulipa mrabaha kabla ya kusafirisha, ndani ya saa 48, na kupata cheti kinachothibitisha kwamba mzigo uko ndani ya mgao wake. Sheria ikitangazwa kabla fomu zake hazijakamilika, mzigo unalala, na kila siku ya kulala ina mtu anayeilipia.

Hatari ya mbali ni kwamba mnunuzi anajifunza kuishi bila sisi. Indonesia inatoa kobalti pamoja na nikeli yake, na China inatengeneza betri nyingi za gari za chuma na fosfeti zisizotumia kobalti hata kidogo. Kwa hiyo mgao tunaukubali kuliko katazo, kwa sharti moja: kiasi cha kila robo mwaka kijulikane mapema na kisibadilishwe katikati. Mwenye kiwanda huko nje anaweza kuvumilia bei ya juu akijua mzigo utafika. Asipojua kama utafika, anabadilisha betri.

Nauza vyombo vya plastiki na vitenge sokoni. Nanunua Lusaka. Kila safari Kasumbalesa naambiwa bei nyingine ya duane. Nitajuaje ya haki?
*Mama mfanyabiashara, mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Mama, piga hesabu yako mwenyewe kabla hujapanda gari la kurudi. Chukua kalamu.

Duane, yaani forodha, haihesabu bei ya faktura peke yake. Inahesabu bei ya mali pamoja na usafiri na bima hadi mpakani. Tuseme faktura ni dola 900, usafiri na bima 100: thamani ya duane ni 1,000. Viwango vya ushuru vya Kongo ni hasa vitatu: 5, 10 na 20%. Vitu vilivyokamilika vya nyumbani, kama vyombo vya plastiki, tegemea 20%, basi ushuru ni 200. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, nayo haitozwi juu ya 1,000 bali juu ya 1,200, yaani thamani pamoja na ushuru: 192. Ongeza 2% ya mfuko wa kukuza viwanda, FPI: 20. Umefika 412, na bado hujalipa ukaguzi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, wala kazi ya deklarani, wakala anayekuandikia karatasi za forodha. Ukiambiwa 250 kwa mzigo huo, usifurahi. Kuna karatasi ambayo haijaandikwa, na bila karatasi hiyo mali yako inaweza kushikwa barabarani kabla ya kufika Lubumbashi. Ukiambiwa 700, omba uoneshwe mstari kwa mstari.

Mambo manne ndiyo yanayoharibu safari nyingi. La kwanza ni faktura iliyoandikwa "vitu mbalimbali". Afisa hana cha kushika, kwa hiyo anaweka thamani yake. Mwambie muuzaji aandike kila aina, idadi, uzito na bei. La pili ni namba ya bidhaa: tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile nchi zote, na kosa la namba moja linaweza kukutoa kwenye 10 likakuweka kwenye 20. Muulize deklarani namba hiyo kabla ya kununua.

La tatu linawauma wengi: asili ya mali. Zambia na Kongo zote ziko COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini beseni lililotengenezwa China halipati asili ya Zambia kwa kulala dukani Lusaka. Ili kitu kipate cheti cha asili cha COMESA lazima kiwe kimezalishwa kabisa humo, au kimepita kanuni moja wapo, kwa mfano malighafi za nje zisizidi 60% ya thamani ya malighafi zote, au thamani iliyoongezwa humo ifike 35%. Cheti hutolewa upande wa Zambia kabla mzigo haujaondoka; ukikikumbuka ukiwa bariera, umechelewa. Na hata ukiwa nacho, uliza ni punguzo gani Kongo inalitoa kwa bidhaa hiyo, maana kuwa mwanachama na kufuta ushuru ni mambo mawili.

La nne ni kupakia mzigo pamoja na wengine. Katoni moja yenye karatasi mbaya inasimamisha gari zima. Jueni ninyi kwa ninyi mna nini ndani.

Malipo yapitie benki, na usiondoke bila risiti yenye namba ya deklarasioni yako. Wanaopita bilanga, yaani njia za panya, wanaona wameokoa pesa, lakini wananyang'anywa mali bila njia ya kudai, na mama asiye na karatasi hawezi kuomba mkopo kwa biashara ambayo hakuna mahali imeandikwa. Kwa mizigo midogo COMESA ina mfumo rahisi wa wafanyabiashara wadogo: fomu moja, orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi mbili, na kikomo cha thamani. Orodha hiyo inapaswa kubandikwa mpakani. Dai kuiona. Kumbuka unaondoa ushuru wa forodha tu, hauondoi malipo mengine yote.

Tuko COMESA, SADC ya kusini mwa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa soko huru la bara zima. Je, si kujichanganya?
*Mwanafunzi wa uchumi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi*

Ni kujichanganya pale panapohusu ushuru wa pamoja wa nje, yaani kiwango kimoja ambacho nchi zote za umoja hutoza mali inayotoka nje ya umoja huo. Maeneo huru ya biashara unaweza kuwa nayo kadhaa. Ushuru wa pamoja wa nje unaweza kuwa nao mmoja tu.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi za 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35%. Sisi tuna 5, 10 na 20. Zaidi ya hapo Jumuiya ina orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi, na mahindi na unga wake wamo kwa 50%. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo. Ndugu mwanafunzi, tazama maana yake kwa sufuria ya Lubumbashi: tukichukua ushuru huo kama ulivyo, bila kuutunza msamaha wa COMESA, gunia la unga kutoka Ndola lingepanda nusu ya thamani yake, eti kwa kulinda wakulima ambao wako mbali na sisi. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimelishinda tatizo hili kwa kubaki ndani ya eneo huru la COMESA huku zikitumia ushuru wa Jumuiya. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ina SADC.

Kwa hiyo kazi ya wajadili wetu ni ya bidhaa moja moja: muda wa mpito, orodha ya misamaha, na namna ya kuutunza msamaha wa kusini. Mashariki ya nchi inafanya biashara na Kampala na Mombasa. Katanga inakula kutoka kusini. Anayejadili kwa ajili ya upande mmoja tu ataumiza mwingine. Soko la bara, ZLECAf, kwa sasa haligombani sana na haya, kwa kuwa nchi maskini zaidi zina miaka 10 ya kufuta ushuru kwa 90% ya bidhaa, na 3% zinaruhusiwa kubaki nje kabisa.

Mwaka 2024 tulikataza bia na vinywaji vya Zambia, wakafunga mpaka. Kulinda viwanda vyetu ni kosa?
*Kijana wa Ruashi, Lubumbashi*

Kulinda si kosa. Kosa ni kulinda bila tarehe ya mwisho na bila kuangalia mlango uko mikononi mwa nani. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, na ghafla mgogoro wa chupa ukawa mgogoro wa shaba na unga. Shaba inayoelekea Durban au Dar es Salaam kwa barabara inapita Zambia. Mahindi pia. Mwaka huohuo Zambia ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa tangu 29 Februari, na ilikuwa imebana mahindi yake. Jirani hakuwa na haja ya kutumia ushuru, funguo zilimtosha.

Ndiyo maana reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, kupitia Dilolo ina maana kubwa kuliko gharama za usafiri peke yake. Ni mlango wa pili. Lakini upande wa Angola umetengenezwa kuliko kipande chetu cha Kolwezi hadi Dilolo, na mpaka kipande hicho kirekebishwe, mlango huo uko nusu.

Kiwanda cha hapa kinahitaji umeme usiokatika, sukari na chupa za bei nafuu kuliko kinavyohitaji katazo. Kwa unga ni hivyohivyo: mvua zetu zinaanza Novemba, basi mbolea lazima iwe shambani Oktoba, na mbolea inayotoka bandarini iagizwe kabla ya kiangazi kuisha. Ikifika Desemba, mkulima wa Kasenga ameshapoteza mwaka, hata mpaka ukifungwa kwa kufuli kumi.

Nasikia China imefuta ushuru kwa nchi zetu. Naweza kutuma asali?
*Mfuga nyuki, Kambove*

Ni kweli: tangu 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kidiplomasia. Ulaya ilifanya hivyo tangu 2001, isipokuwa silaha. Lakini asali haisimamishwi na ushuru, inasimamishwa na afya. Tangu Januari 2022 China inataka kila mtengenezaji wa chakula wa nje awe amesajiliwa na forodha yake, na kwa asali usajili hupitia mamlaka ya nchi inayotuma. Ulaya nayo inataka nchi iwe na mpango uliokubaliwa wa kupima mabaki ya dawa. Hivi si vitu vya mfugaji mmoja. Unganeni katika kooperativi, pimeni unyevu (usizidi 20%), wekeni ndoo za plastiki za chakula badala ya madumu ya mafuta, andikeni namba ya kila ndoo na kijiji ilikotoka, na anzeni kuuza kwa maduka makubwa na kantini za migodi hapa Katanga. Nazo hutaka karatasi hizohizo za upimaji.