Ibara ya 7 inavyoifunga mikono ibara ya 8

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: Katiba ni ya nani, na mwenye kauli ya mwisho juu yake ni nani?

Mimi nina stesheneri ndogo hapa Arusha, jirani na soko la Kilombero. Juzi alikuja mama muuza ndizi aliyeondolewa meza yake. Aliomba nimtolee kopi ya ibara ya 8, ile inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, aende nayo kulalamika. Nilipokilaza kitabu kwenye mashine nikaisoma ibara inayotangulia. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu ile hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Na ibara ya 8 imo katika sehemu hiyo hiyo! Nilimpa kopi yake nikanyamaza, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee wangu ninayemheshimu sana, anashikilia kwamba Katiba ndiyo sheria mama: kwa ibara ya 64(5), sheria inayoikiuka ni batili, na kuitafsiri ni kazi ya majaji. Mimi humkumbusha suala la mgombea binafsi, yaani anayegombea bila kudhaminiwa na chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeidai haki hiyo; mwaka huo huo Bunge likaibadilisha Katiba ili kuizuia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua tena vilevile, lakini 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa mjini kwetu, ikaona haki zimevunjwa. Uchaguzi wa 2015 ukapita bila mgombea binafsi, wa 2020 vilevile.

Kwa hiyo kauli ya mwisho anayo yule anayeweza kuyabadili maneno yenyewe, na kwa ibara ya 98 hao ni theluthi mbili ya wabunge. Katiba hii ya 1977 ilifanyiwa mabadiliko mara 14 hadi 2005, na sisi hatukuitwa kwenye kura ya maoni hata mara moja. Ile ya Aprili 2015, ya Katiba Inayopendekezwa, yaani ile katiba mpya, iliahirishwa.

Jibu langu ni hili: Katiba itakuwa yetu siku ambayo haitaguswa bila kura yetu, na ibara ya 8 ikahamishiwa mahali ambapo hakimu anaweza kuisimamia.

Yule mama hajarudi. Akirudi, nitamtolea na ibara ya 7, bure, na nitakaa naye tuisome.