Msimbo Usiohitajika Uondoke Kabla ya Kufika kwenye Chipu

Niliunda kifaa cha kupima joto ndani ya masanduku ya barafu ambamo wachuuzi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, huhifadhi mbuta kabla ya kuwapeleka sokoni. Kifaa husoma kipimajoto cha DS18B20, na joto likipita nyuzi 4, humtumia mwenye sanduku ujumbe mfupi. Kinatumia bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Arduino Uno, ambayo chipu yake, ATmega328P, ina baiti 32,768 za kuhifadhi programu, na 512 kati ya hizo zimeshikwa na programu ya kuanzishia. Siku nilipoongeza ujumbe wa Dholuo kando ya ule wa Kiswahili, programu ilizidi nafasi hiyo.

Nilikimbilia amri ya strip. Faili kwenye kompyuta lilipungua sana, lakini kilichoingia kwenye chipu hakikupungua hata baiti moja, kwa sababu majina na taarifa za utatuzi (za kutafutia hitilafu) ambazo amri hiyo huondoa hazipelekwi kwenye chipu kamwe. Kwa hiyo usipime ukubwa wa faili. Tumia amri ya avr-size, kisha ujumlishe safu zake za text na data, yaani msimbo na thamani za mwanzo zinazoingia kwenye chipu.

Chaguo la -Os, linaloiagiza kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu) ipunguze ukubwa, na lile la --gc-sections, ambalo huondoa kazi zisizoitwa popote, tayari yalikuwa yamewashwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichobaki chote kilikuwa kinaitwa mahali fulani, na kwamba kompaila haiwezi kujua kipi mchuuzi anakihitaji na kipi ni mazoea yangu tu. Uamuzi huo ni wa mwandishi wa programu.

Amri ya avr-nm --size-sort, inayopanga vipande vya programu kwa ukubwa, ilinionyesha mzigo ulipo. Chipu hii haina sehemu ya kukokotoa desimali, hivyo hesabu chache tu za desimali huvuta taratibu nzima kutoka kwenye maktaba. Kumbe kipimajoto chenyewe, kikiwa kwenye biti 12, hutoa namba kamili inayohesabu sehemu za 1/16 ya nyuzi: nyuzi 4 ni 64. Nikalinganisha na 64 moja kwa moja, na desimali zote zikaondoka.

Mzigo wa pili ulikuwa jumbe za utatuzi. Nilikuwa nimezifungia ndani ya if yenye kigeu ambacho ningeweza kukibadilisha kwa ujumbe kutoka kwenye simu yangu, na kwa kuwa thamani yake ingeweza kubadilika wakati wowote, kompaila ililazimika kuziacha zote. Maneno hayo, nisipoyafungia kwa F(), inayoyaacha kwenye hifadhi ya programu, hunakiliwa pia kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo ni baiti 2,048 tu. Jumbe hizo niliziweka chini ya #ifdef, agizo linaloondoa mistari kabla msimbo haujatafsiriwa, zikawa hazimfikii kompaila kabisa. Lugha nazo nilizitenganisha vivyo hivyo: kila mwenye sanduku hupata programu yenye lugha yake peke yake. Ukifuata njia hii, jenga kila toleo kila unapobadilisha kitu, la sivyo toleo usilolijenga litaharibika bila wewe kujua.

Nilipoona nafasi imepatikana, nikaendelea kukata, na hapo nikakosea vibaya. Niliondoa mistari michache iliyokataa kipimo cha nyuzi 85, nikiamini kwamba haifanyi kazi karibu siku zote. Lakini 85 ndiyo namba ambayo DS18B20 hushikilia inapowashwa, kabla haijapima chochote. Betri ilipobadilishwa alfajiri moja, kifaa kilisoma namba hiyo na kutuma onyo. Mama mmoja aliacha shughuli zake nyumbani, akapanda boda hadi ufuoni, akakuta barafu haijayeyuka.

“Mwanangu,” aliniambia kwa simu, “kikinidanganya tena, sitakisikiliza hata siku kikisema kweli.”

Mistari ile niliirudisha asubuhi hiyo hiyo, na sasa kila ninapotaka kuondoa kitu hujiuliza kwanza kiliandikwa kwa sababu ya tukio gani, kabla sijauliza kinachukua baiti ngapi.